Kikaango cha Sesselja

Habari ilimkuta Torfi yuko ndani ya maji ya moto hadi kidevuni, theluji ikimwangukia utosini. Ndivyo habari zote zilivyowafikia watu wa Dimmavík msimu wa baridi. Kubandika tangazo ukutani ilikuwa kazi bure, kwani lingefukiwa kabla ya mchana. Kila asubuhi, giza likiwa bado limekifunika kijiji kama kifuniko cha chungu, wazee waliteremka hadi kwenye bwawa dogo la maji ya moto kando ya bahari, wakavua makoti, sweta na soksi za sufu, wakakimbia pekupeku juu ya barafu kwa mwendo ambao wakiwa wamevaa wasingeuweza, wakazama. Humo ndimo mambo ya kijiji yalimoamuliwa. Halmashauri ilikuwa na ofisi, lakini ofisi ile ilikuwa na viti tu.

Aliyeileta habari ni Ebeneser, mtu mnene mwenye sauti ya ng'ombe, aliyeendesha trekta la kusukuma theluji mpaka magoti yakamkataa. Alisema mwaka huu kahawa ya jua itanywewa ukumbini, Jumamosi, saa nane mchana. Halmashauri imekaa na imepitisha.

"Jua nalo lilikuwepo kikaoni?" Torfi akauliza.

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa hajacheka tangu Machi.

Mtu asiyezaliwa chini ya mlima Kerling, yaani Bikizee, hawezi kujua kahawa ya jua ni kitu gani kwa watu wale. Novemba ikifika, jua linashuka nyuma ya mabega ya Bikizee na kijiji hakilioni tena hadi mwisho wa Januari. Si kwamba ni usiku mtupu. Mchana kunakuwa na mwanga, lakini ni mwanga wa kuazima, kama wa taa iliyo chumba cha pili. Kisha siku moja jua linachungulia kwenye pengo lililo kati ya bega na shingo ya mlima, linagusa nyumba moja tu, iliyo juu kuliko zote, linakaa kidogo, linaondoka. Siku inayofuata linazigusa nyumba za chini yake, na hivyo hivyo mpaka baharini. Nyumba ile ya kwanza ndiyo inayopika kahawa na chapati za maji kwa kijiji kizima. Hakuna anayealikwa. Jua ndilo linaloalika.

Na nyumba ile ya kwanza ilikuwa ya Torfi. Au tuseme kweli, ilikuwa ya Sesselja. Yeye ndiye aliyekoroga unga, akapika, akakunja, huku mumewe amesimama mlangoni akiwaambia watu wakung'ute viatu. Sasa Sesselja alikuwa amelala makaburini tangu Machi, na mkuu wa halmashauri, Ísleifur, alikuwa amesema kikaoni kwamba njia ya kupanda kule juu ni barafu tupu, wazee watavunjika nyonga, na isitoshe, mwenye kahawa hayupo tena.

"Alisema hivyo?" Torfi aliuliza. "Mwenye kahawa hayupo?"

Ebeneser akajifanya anasafisha sikio. Mtu wa tatu bwawani, Rannveig, jirani wa Torfi, bibi mkavu aliyekata samaki kiwandani ujana wake wote na ulimi wake haukuwa butu kuliko kisu chake, ndiye aliyejibu. Alisema ndivyo alivyosema, na hakusema kwa ubaya.

Kwa Torfi, Ísleifur hakuwa na namna ya kusema kitu kisiwe kibaya. Mtu huyu ndiye aliyeinua mkono kukubali siku wakubwa wa kusini walipoleta shauri la kufunga zahanati ya Dimmavík, watu waliokaa Reykjavík kwenye vyumba vya joto, wakaona kwenye ramani kwamba kijiji kiko karibu na mji. Kwenye ramani kila kitu kiko karibu. Sesselja alipobanwa na moyo, gari la wagonjwa lilikwama kileleni likisubiri trekta, na trekta lilikuwa upande wa pili wa mlima, kwa sababu siku hiyo kwa ratiba yao ilikuwa zamu ya upande wa pili. Torfi alikaa ndani ya gari lile, amemshika mkono, mpaka mkono ukawa si wa kushikwa tena. Hakuna mkubwa aliyekuja kuomba radhi. Walituma maua, na kadi yenyewe ilikuwa imepigwa chapa.

Kwa hiyo hasira ndiyo iliyosema, si yeye.

"Jua likigusa dirisha langu, kahawa itakuwa kwangu. Chapati nitapika mwenyewe."

Maji yalitoa moshi. Kisha Ebeneser akaanza kutikisika, na bwawa zima likatikisika pamoja naye.

"Wewe?" Rannveig akasema. "Wewe Torfi, uliyemwita mkeo kutoka kanisani aje akwambie kama maji yamechemka?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Torfi alikuwa ameyavulia kweli kweli, tena mbele ya mashahidi. Akatoka bwawani bila kuaga, mgongo mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Kikaango kilikuwa kwenye msumari wake kando ya jiko. Kizito, bapa, chenye ukingo mfupi, cheusi mpaka kikang'aa. Sesselja alikipata kwa mama yake, na mama yake alikipata kwa mtu mwingine aliyekwisha kufa. Hakikupikiwa kitu kingine chochote isipokuwa chapati. Torfi alikitazama sasa kama mtu anavyomtazama mbwa wa mwenziwe, hajui kama atang'atwa.

Alikoroga unga, mayai na maziwa kwa namna alivyodhani ameona ikifanywa. Uji ukawa mzito kama rojo la kuzibia mashua. Akamwaga. Chapati ya kwanza ilishika chini ikagoma kutoka. Akaikwangua kwa kisu. Ya pili iliungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Ya tatu hakungoja kuona. Jikoni moshi, machozi yanamtoka, na moyoni sauti ya Ebeneser ikicheka. Basi akafanya kile alichofanya maisha yake yote melini kila kitu kilipochafuka: alichukua sabuni na waya wa chuma, akakunja mikono, akasugua. Alisugua mpaka mkono ukauma. Weusi ulitoka vipande vipande, maji yakawa kama wino, na mwisho kikaango kikatokea kijivu, safi, kama tumbo la samaki. Torfi alijiona amefanya jambo la maana. Akalala na raha kidogo.

Kesho yake bwawani alilitaja mwenyewe, kwa majivuno, ili wajue anaendelea vizuri. Kazi imeanza, alisema, hata kikaango nimekitakatisha.

Rannveig alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Umekiosha?"

"Ndiyo."

"Kwa sabuni?"

"Sabuni na waya."

Ebeneser, ambaye huvaa kofia ya sufu hata majini, aliivua polepole akaishika kifuani. Mzee mmoja kule pembeni alijishusha majini mpaka yakabaki macho. Ukimya kama ule Torfi aliujua. Aliusikia utotoni, siku mashua ilipokosa kurudi.

Kwani kila mtu wa Dimmavík anajua kwamba kikaango cha chapati hakioshwi. Kinafutwa kwa karatasi kingali na joto, basi. Torfi naye alikuwa amelisikia, lakini kama mtu anavyosikia miiko ya kanisa la wenzake. Daima alidhani ni uvivu wa wanawake uliopewa heshima.

"Ule weusi, Torfi," Rannveig alisema, na safari hii ulimi wake haukuwa na makali, "ule haukuwa uchafu. Ule ulikuwa mkono wake."

Hakupanda nyumbani, alijikokota. Alikaa jikoni na koti lake, kikaango mapajani. Alielewa sasa. Kila Januari Sesselja alikuwa ameacha pale utando mmoja mwembamba, mafuta na moto na mkono, utando juu ya utando, na chini ya zake kulikuwa na za mama yake. Nguo zake binti yao alikwisha kuzigawa. Sauti yake Torfi alikuwa ameanza kuisahau, jambo ambalo hakumwambia mtu. Kilichobaki ni hiki, na hiki amekisugua kwa mikono yake mwenyewe akakimwaga kwenye karo. Kwa jambo hili hakukuwa na mkubwa wa kulaumiwa. Alitafuta, hakumpata.

Siku iliyofuata hakuteremka bwawani. Aliazimia kwenda kwa Ísleifur kumwambia kwamba ukumbi ni wake, jua ni lake, achukue na mlima akitaka. Alikuwa anatafuta kiatu cha pili pale mlango ulipogongwa kwa teke. Alikuwa Rannveig, theluji magotini, mkononi ana kopo la mafuta ya kondoo.

Aliingia bila kukaribishwa. Alikichukua kikaango, akakigeuza mwangani, akaguna.

Torfi akamwambia kimekufa.

"Kikaango hakifi. Kimesahau tu. Utakifundisha upya."

"Niazime cha kwako, bibie. Kwa siku moja tu."

"Cha kwangu sikuazimi hata ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Washa jiko."

Alimwonyesha mara moja. Mafuta kidogo sana, yapakwe kwa kitambaa mpaka yaonekane hayapo. Moto mpaka kitoe moshi. Kipoe. Tena mafuta. Kisha akaukoroga uji upya, mwepesi kama maziwa, akadondoshea matone ya iliki, na harufu ile ilipopanda Torfi alilazimika kwenda kutazama nje dirishani. Rannveig alipokuwa anaondoka alimwambia apike kila siku, kikaango hakijifunzi kwa kutundikwa. Na zile za mwanzo zitashika, zitachanika, hazitafaa kuliwa na binadamu. Kunguru watamshukuru.

Basi akapika. Alipika adhuhuri, wakati ule ambapo kuna mwanga wa kutosha kuona upumbavu wako. Zikashika. Zikachanika. Alizikusanya kwenye sahani, akatoka barazani, akazitupa juu ya theluji.

Kunguru wawili walikuwa juu ya paa la kibanda cha samaki. Kila baridi wawili hushuka mlimani na kukaa kijijini, dume na jike, daima wawili. Sesselja aliwaita Mchungaji na Mkewe, kwa sababu mmoja hupiga kelele nyingi na mwingine ndiye anayepata chakula. Miaka yote Torfi alimwona mkewe akitoka adhuhuri na makombo, akikawia barazani, na yeye akamlalamikia kwamba anaruhusu joto litoke. Sasa alisimama pale pale aliposimama mwenziwe. Mchungaji alitoa hotuba. Mkewe akatembea kwa maringo mpaka kwenye kipande kikubwa kuliko vyote, akakikunja kwa mdomo, naam, akakikunja mara mbili kama chapati inavyokunjwa mezani, akaruka nacho.

Torfi alitoa sauti. Ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa amecheka.

Akainua macho. Na pale ndipo alipoona kile ambacho mkewe alikuwa akikawia kukitazama. Theluji haikuwa nyeupe. Saa ile ilikuwa ya buluu, buluu ya ndani kama ya chaza aliyefunguliwa, na ng'ambo ya ghuba, jua lisilofika kijijini lilikuwa limepaka vilele rangi ya shavu la mtoto. Bahari ilitoa moshi. Hapakuwa na sauti popote. Torfi alikuwa ameishi chini ya giza lile miaka sabini akilitukana, kumbe giza lenyewe lina namna zake, na mtu mmoja ndani ya nyumba yake alikuwa akizijua zote.

"Ukingoja jua ndipo uanze kuishi," Sesselja alizoea kumwambia, "utakuwa maiti nusu ya kila mwaka." Na yeye alikuwa akimjibu nini? Alikuwa akimjibu kuhusu bei ya mafuta ya taa na wizi wa serikali.

Siku zikaenda. Torfi akaanza kuingoja adhuhuri. Ebeneser alikuwa wa kwanza kupanda, akihema kama mashine, akasema amekuja kuangalia kama nyumba imeungua. Alikula chapati iliyochanika, akasema ni mbaya, akaomba nyingine. Kesho yake alikuja na samaki mkavu na siagi. Keshokutwa Rannveig akaja na ufumaji wake, kwa sababu, alisema, taa ya jikoni kwa Torfi ni nzuri kuliko yake, jambo ambalo halikuwa kweli. Kisha wale wengine wa bwawani. Walikawia majini mpaka karibu na adhuhuri, wakapanda moja kwa moja, nywele zao zimeganda njiani zikasimama kama miiba, zikayeyuka mezani. Ebeneser alileta kitabu alichopewa Krismasi akawasomea kwa sauti, vibaya, akiruka maneno magumu, na Rannveig akimrudisha nyuma kwa sindano ya kufumia. Kitabu kilihusu mauaji. Walibishana kila siku juu ya muuaji ni nani, na Torfi, akigeuza chapati, alishikilia kwamba ni yule diwani.

"Huyo ametajwa mara moja tu," Ebeneser akalalamika.

"Ndiyo maana. Wao hawatajwi."

Walimwacha aseme. Aliyatukana yote jikoni mle, ratiba, ramani, maua yaliyotumwa na kadi ya chapa, na hakuna aliyemwambia anyamaze au asamehe. Walikula na kuitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kumtaja Sesselja bila watu kutazama viatu vyao. Na kila mmoja alikuwa na Sesselja wake wa kutoa. Mmoja alikumbuka alivyowapeleka wanawake wa kiwandani kuteleza kwenye mteremko wa makaburi, juu ya magunia ya chumvi, mchungaji akiwatazama. Rannveig alisimulia kwamba kila baridi Sesselja alijichagulia kitu kimoja cha kujifunza ili giza lisipite bure. Mwaka mmoja nyota, mwaka mmoja kupiga mluzi, na mwaka wake wa mwisho alikuwa anajifunza kutofautisha nyayo za ndege kwenye theluji. Torfi alikumbuka ule mluzi. Ulimkera wakati ule. Angetoa mashua sasa ausikie.

Kikaango nacho kilikuwa kinakumbuka. Kutoka kijivu kikawa rangi ya chai, kikapata mabaka kama ng'ombe, kisha mabaka yakaungana. Haukuwa weusi ule. Ulikuwa weusi mpya, na Torfi alilijua hilo.

Jumamosi ya halmashauri ikafika. Wingu lilikaa juu ya Bikizee kama godoro na theluji ikanyesha ubavu ubavu. Ukumbini walitundika bendera, wakaweka keki zilizotoka kusini ndani ya maboksi. Watu walikwenda, keki ni keki. Torfi alibaki kwake. Ebeneser ndiye aliyekuja kutoa ripoti: Ísleifur alihutubia juu ya nuru akiwa chini ya taa ya umeme, watu wakapiga makofi, na katikati ya hotuba umeme ukakatika. Torfi alimwomba aisimulie tena ile sehemu ya mwisho.

Lakini baada ya Ebeneser kuondoka, wasiwasi ulimwingia. Kahawa watu wamekwisha kuinywa. Jua likija, nani atapanda mlima juu ya barafu kwa mara ya pili? Wale wa bwawani, labda. Na kahawa ya jua ya watu wanne si kahawa ya jua. Ni wazee wanne wanaokula. Wakikosa kuja mwaka huu, mwakani hakuna atakayekumbuka kuja, na nyumba ya kwanza itakuwa nyumba tu iliyo juu sana.

Siku kadhaa kulikuwa na wingu. Kisha asubuhi moja Torfi alitoa pua nje ya mlango, baridi ikambana matundu ya pua mpaka yakashikana, na nyota zilikuwa zote mahali pake. Akajua. Hakwenda bwawani. Alimwaga majivu njiani mpaka yalipokwisha, akafika nusu tu ya mteremko. Alikoroga uji kwenye beseni la kufulia, kwa kuwa bakuli lilikuwa dogo. Alipiga krimu. Alifungua jamu ya matunda ya mlimani, ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono wa Sesselja, akaitazama, akaitia kijiko.

Chapati ya kwanza ilishika ukingoni. Torfi alishusha pumzi, akakitikisa kikaango kidogo, kama mtu anavyomtikisa bega aliyelala, nayo ikaachia. Ikateleza. Akaigeuza. Ilikuwa nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole vyake, na rangi yake ilikuwa ile ile.

Alipika. Sahani ikawa rundo, rundo likawa mawili. Kahawa ikaiva. Nje ng'ambo yote ya ghuba ilikuwa inawaka, na mwanga ukazidi kukusanyika nyuma ya pengo la mlima. Njiani hakuna mtu. Chini kijiji kilikuwa kimetulia, moshi umenyooka. Alijiambia hajali. Alijiambia Mchungaji na Mkewe watakula siku nzima. Alizima jiko, akaliwasha, akalizima.

Kisha jua likatokea. Halikuja taratibu, lilichoma tu, punje moja ya moto katikati ya pengo, na dirisha la jikoni likawaka. Mwanga ulianguka juu ya meza, ukapanda ukutani, ukafika kwenye msumari mtupu, ukashuka kwenye jiko na kukaa ndani ya kikaango. Torfi alisimama humo, joto usoni, sahani mkononi, na akafumba macho kwa sababu hakutaka kuona jinsi alivyo peke yake.

Ndipo akasikia koleo. Mtu alikuwa anachimba ngazi kwenye barafu, na mtu mwingine, mwenye sauti ya ng'ombe, alikuwa anamwelekeza, na aliambiwa afunge mdomo.

Walikuwa wanapanda. Rannveig mbele na koleo, nyuma yake mstari mrefu wa watu walioshikana mikono kuanzia kanisani hadi bandarini. Wakata samaki walikuwa wamesimamisha mashine, wamekuja na aproni zao za mpira. Mwalimu alikuwa amefungulia shule nzima. Ebeneser alikuwa katikati, wawili wakimvuta na watatu wakimsukuma. Vikongwe walipitishwa mkono kwa mkono kama ndoo za maji kwenye moto. Hakuna nyonga iliyovunjika. Kumbe barafu ya njiani haikuwa shauri la kikao. Ilikuwa shauri la kushikana.

"Kung'uteni viatu," Torfi akasema mlangoni. Ilikuwa sauti yake ile ya zamani, na watu waliingia wakitabasamu kwa kuisikia.

Jikoni kulijaa, sebuleni kukajaa, wengine wakala barazani. Watu walisukumana kwa adabu ili kila mmoja apate kusimama kidogo kwenye kile kipande cha jua sakafuni, akiinua uso, kisha ampishe mwenzake. Rannveig alikula chapati yake polepole, macho kwenye kikaango. Torfi alingoja hukumu.

"Inapita," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Angeila."

Wa mwisho kufika alikuwa Ísleifur. Hakuwa kwenye mstari. Alikuwa amepanda peke yake, suruali imelowa, bila shaka ameanguka. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, haingii. Wote walijua kuna nini kati ya watu wale wawili, na wote waliacha kutafuna.

Torfi alimtazama. Alikuwa na maneno ya tangu Machi, ameyapika na kuyapika mpaka yakawa meusi. Nyuma yake jua lilikuwa limekwisha kupanda ukutani hadi karibu na dari. Halikuwa na muda mwingi. Akafikiria mlango ule, jinsi usivyowahi kufungiwa mtu siku kama hii, hata yule aliyemwibia Sesselja kondoo.

"Ingia ufunge mlango," akasema. "Unaruhusu joto litoke."

Ísleifur akaingia. Watu wakamsogezea nafasi kwenye jua. Torfi akampa chapati, ile ya kwanza, iliyoshika ukingoni. Mtu yule aliishika kwa mikono miwili.

"Torfi, kuhusu zahanati, nilitaka kukwambia..."

"Kula kwanza. Jua likiondoka ndipo tutagombana."

Akala. Wote wakala. Jua lilichomoka kwenye dari, likabaki kwenye ukingo wa dirisha, likawa uzi, likakatika. Watu walikaa kidogo kwenye mwanga wa buluu uliobaki, kisha wakaanza kutafuta kofia na kusema kesho ni zamu ya nyumba za chini. Mmoja mmoja walishuka, wameshikana.

Ísleifur hakushuka. Alikuwa amekaa mezani, kikombe kitupu mbele yake.

Torfi alikichukua kikaango kingali na joto. Alikifuta kwa karatasi, kwa kuzungusha, mara chache tu, akakitundika kwenye msumari. Akajaza vikombe viwili, akavuta kiti, akakaa.

"Haya," akasema. "Zahanati."